Mtoto Kwanza, Injini Baadaye

Mazungumzo kuhusu usalama wa watoto karibu na trekta na mashine za shamba
Walengwa: akina mama, nyanya, wasaidizi wa nyumbani na walezi wote
Muda: dakika 20
Wakati unaofaa kutangazwa: kabla ya msimu wa kulima na kabla ya mavuno

(Muziki wa kufungua kipindi. Sauti ishuke polepole.)

 Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Kama uko jikoni, endelea na kazi yako, lakini niazime sikio. Kama una mtoto mgongoni, vizuri zaidi, kwa maana leo tunazungumza habari zake.

Tukikutana hapa, mara nyingi tunazungumzia malaria, kuhara, chanjo na lishe. Leo tutazungumzia hatari ambayo haizuiwi na neti wala haina chanjo. Ni hatari ya trekta na mashine tunazotumia shambani na nyumbani: plau, trela, mashine ya kupukuchua mahindi, mashine ya kukata majani ya ng'ombe, na mashine ya kusaga unga. Mashine hizi zimetupunguzia kazi. Shamba ambalo zamani lililimwa kwa jembe wiki nzima, sasa linalimwa kwa muda mfupi. Hatuzikatai. Lakini ni lazima tujue jinsi zinavyoumiza watoto wetu, na jinsi ya kuwakinga.

Kwanza tazama kalenda. Katika Trans Nzoia, Uasin Gishu, Nandi na sehemu nyingi za Nakuru, trekta huanza kulima mapema mwakani, na mahindi hupandwa Machi na Aprili mvua ndefu zinapoanza. Mavuno huanza mwezi wa Oktoba hadi Desemba. Sasa tazama likizo za shule: Aprili, Agosti, halafu Novemba hadi mwanzo wa Januari. Umeona? Likizo mbili kati ya tatu huangukia wakati mashine zina kazi nyingi. Baba yuko shambani, mama anapikia wafanyakazi, na watoto wako nyumbani. Trekta ikinguruma barabarani, kila mtoto wa kijiji anatoka mbio kwenda kuitazama.

KWA NINI KUMWAMBIA MTOTO HAKUTOSHI

Sisi wauguzi huwapokea watoto hawa wakiwa wamefungwa leso iliyolowa damu. Na maneno ya mzazi mara nyingi ni yale yale: "Nilimwambia asiende huko." Mama huyo hasemi uongo. Alimwambia kweli. Lakini maneno hayana uwezo wa kumzuia mtoto mdogo.

Tunao msemo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Msemo huo unamfaa mtu mwenye akili ya kupima hatari. Mtoto wa miaka 3 hana akili hiyo bado. Akiona trekta inakuja, hawezi kukadiria iko mbali kiasi gani wala inakuja kwa kasi gani. Wa miaka 6 au 7 anajua kwamba trekta ni hatari, na atakueleza vizuri ukimwuliza, lakini mchezo ukinoga anasahau. Wa miaka 12 anajiona mtu mzima, anataka kusifiwa, na hataki kuonekana mwoga mbele ya wenzake.

Wengine husema mtoto akililia wembe mpe, akijikata atajifunza. Mama, wembe hukata kidole na kidole kikapona. Trekta haimpi mtoto nafasi ya pili ya kujifunza.

Kwa hiyo leo nakuomba ushike jambo moja. Kinga ya mtoto karibu na mashine ina nguzo mbili. Ya kwanza ni mtu mzima anayejulikana kwa jina, ambaye kazi yake wakati huo ni kuangalia watoto tu. Ya pili ni mahali panapojulikana ambapo watoto watakaa mpaka mashine izimwe. Na nguzo zote mbili ziwe tayari kabla injini haijawashwa. Ndiyo maana tunasema: mtoto kwanza, injini baadaye.

(Muziki mfupi)

TREKTA INAPOKUJA KULIMA

Siku moja trekta ikiwa imezimwa, mwombe dereva akuruhusu ukae kwenye kiti chake. Kisha mtu mwingine aweke debe chini, nyuma ya gurudumu kubwa. Hutaliona. Gurudumu la nyuma la trekta ya kawaida laweza kumfikia mtu mzima kifuani, na mtoto wa miaka 3 hajafika hata mita moja. Akisimama nyuma ya gurudumu hilo, kwa dereva ni kama hayupo. Na hata akilia, mngurumo wa injini unameza sauti yake.

Tena dereva anayelima ana kazi mbili. Anatazama mbele ili mstari unyooke, na anageuka nyuma kuangalia plau. Akiwa amegeuka nyuma, hajui kilicho mbele. Akiwa barabarani kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, trekta inakwenda zaidi ya mita 5 kwa kila sekunde. Kabla hajaona mtoto na kukanyaga breki, gurudumu limekwisha kufika. Kwa hiyo usiseme, "Dereva ni mzoefu, atamwona." Uzoefu hauondoi gurudumu machoni.

Haya ndiyo mambo ya kufanya siku trekta inapokuja.

Kwanza, uliza mapema itafika saa ngapi. Trekta ya kukodi hutoka shamba hadi shamba, na majirani wanajua zamu zao. Tumieni nafasi hiyo. Siku ya kulima kwako, watoto wakae kwa jirani. Siku ya kulima kwake, watoto wake waje kwako. Kama mna chama cha akina mama, pangeni jambo hili katika mkutano kabla ya msimu kuanza. Halihitaji mchango wa pesa. Kama ni nyanya atakayebaki nao, mwombe kwa heshima na umweleze wazi: "Mama, leo trekta inakuja. Naomba watoto wakae kwako ndani ya boma mpaka nije kuwachukua." Usimwachie tu watoto bila kumwambia sababu. Na kama nyanya macho yamepungua au miguu haina nguvu ya kumkimbilia mtoto, tafuta mtu mwingine.

Pili, hesabu watoto. Usihesabu wako tu, hesabu na wa jirani waliokuja kutazama. Wote wakiwa mahali pao, ndipo mwambie dereva awashe.

Tatu, usimtume mtoto kupeleka chai shambani. Najua ni desturi yetu kumheshimu mgeni kwa chai na mkate. Lakini mtoto anayekatiza shamba lililolimwa akiwa na chupa ya chai mkononi, macho yake yako kwenye chupa, na dereva hamtarajii. Mpelekee mwenyewe, usimame kando ya shamba mpaka injini izimwe. Au dereva aje anywe nyumbani.

Nne, mtoto asipande trekta. Trekta ina kiti kimoja, cha dereva. Ile bati iliyo juu ya gurudumu si kiti. Trekta ikiingia shimoni au ikiruka tuta, anayekaa pale huangukia mbele ya gurudumu la nyuma, na nyuma ya gurudumu ni plau. Kumshika mtoto mapajani hakusaidii, kwa sababu dereva anahitaji mikono yake yote miwili. Kama baba anataka kumfurahisha mwanawe, ampandishe trekta ikiwa imezimwa na ufunguo uko mfukoni, kisha amshushe.

Tano, usimlaze mtoto kwenye kivuli cha trekta au trela. Wakati wa kuvuna jua huwa kali, na mama akiona trela imesimama hutandika leso chini yake amlaze mtoto. Dereva akirudi kutoka kula, hapiti chini ya trela kutazama. Anapanda na kuondoka. Tafuta kivuli cha mti kilicho mbali, na pawe na mtu wa kukaa na mtoto. Vile vile waonye watoto wakubwa wasicheze kujificha ndani ya mahindi yaliyokatwa na kusimamishwa shambani, kwa sababu trela hupita katikati yake kukusanya mazao.

Sita, trekta ikilala kwenu, mwombe dereva aegeshe mahali tambarare, aweke breki, atoe ufunguo, na ashushe plau mpaka iguse ardhi. Plau iliyoinuliwa hushikiliwa na mafuta ya mashine. Mtoto akigusa mkono wa kuishushia, uzito wote humwangukia.

Nizungumze pia na wasikilizaji wa sehemu za miwa, kule Kakamega, Bungoma, na upande wa Muhoroni na Chemelil. Mnajua ninachotaka kusema. Trekta inapita na trela zilizojaa miwa, watoto wanatoka shule, wanakimbia nyuma kuchomoa muwa mmoja. Mtoto anavuta, muwa umebanwa, mguu unateleza. Nyuma ya trela ya kwanza huenda kuna ya pili ambayo hakuitazama. Mama, kama una muwa nyumbani mpe mtoto ashibe, na mwambie dhahiri kwamba muwa wa trela haufukuzwi. Walimu na wazee wa kijiji nao waombwe kuweka mtu mzima barabarani saa ya watoto kutoka shule, wakati wa msimu wa kuvuna miwa.

(Muziki mfupi)

MASHINE ZA NYUMBANI NA ZA MAVUNO

Trekta huja na kuondoka. Lakini mashine ya kukata majani ya ng'ombe iko nyumbani mwaka mzima. Wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa wanayo, ya kuzungusha kwa mkono au ya injini. Hapa ajali huwa namna moja: mtoto mmoja anazungusha gurudumu, mwenzake anasukuma nepia kwa mkono. Majani yanakwama, yule wa mbele anaingiza vidole kuyasukuma, na yule wa nyuma hajui, anazungusha. Visu vya gurudumu havibagui nepia na kidole.

Kwa hiyo mtoto asilishe mashine hii, na asizungushe mtu mwingine akiwa anailisha. Kazi ikiisha, gurudumu lifungwe kwa mnyororo na kufuli, au lizuiliwe kwa mti imara lisizunguke. Kama ni ya umeme, chomoa waya kwenye soketi. Kama ni ya injini, mpini wa kuwashia uwekwe juu mtoto asipofika. Kama unaweza, zungushia mashine ua wenye mlango.

Mashine ya kupukuchua mahindi huja wakati wa mavuno, na nyingi huzungushwa na shafti inayotoka nyuma ya trekta. Naomba uielewe shafti hii. Kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Ikishika ncha ya leso, sweta iliyofunguka au sketi ndefu, nguo hujizungusha na kumvuta mtu kabla hajaita. Shafti inatakiwa kuwa na kifuniko cha plastiki au chuma. Ikiwa haina, una haki ya kumwuliza mwenye mashine kabla hujamlipa pesa zako.

Akina mama wengi ndio hukusanya mahindi yanayotoka na kusukuma magunzi kando. Mama, usifanye kazi hiyo ukiwa na mtoto mgongoni. Hapo mko wawili katika hatari, na ncha ya mbeleko ndiyo inayoning'inia karibu na mkanda. Vumbi na makelele pia humdhuru mtoto mchanga. Funga kitambaa cha kichwa kisiachie ncha, vua leso ya kiunoni, na mtoto abaki nyumbani na mtu. Watoto wakubwa wanaotaka kusaidia wapewe kazi ya kuokota mahindi yaliyotawanyika, baada ya mashine kuzimwa na kusimama kabisa.

Tena, watoto wasicheze juu ya mahindi au ngano iliyojazwa ndani ya trela au ghala. Nafaka ikimwagwa au ikitolewa kwa chini, humvuta mtoto kama matope na kumfunika mpaka akose pumzi.

Na kwenye mashine ya kusaga unga, tunakowatuma watoto kila mara na debe la mahindi: mfundishe mtoto kusimama nje ya mlango na kungoja aitwe. Asiinamie pale unga unapotoka, na asipite karibu na mkanda. Ukiona mkanda wa mashine ya mtaani kwenu hauna kizuizi, usimtume mtoto pale. Zungumzeni na mwenyewe mkiwa wengi, kwa upole. Akiona wateja wote wanasema jambo moja, ataweka kizuizi.

Jambo la mwisho hapa ni dizeli na petroli. Usiweke mafuta ya injini katika chupa ya soda au ya maji. Kwa mtoto, chupa ya soda ni soda. Weka katika mtungi wake, wenye kifuniko, juu na ndani ya mahali panapofungwa.

MTOTO AFANYE KAZI GANI, AKIWA NA UMRI GANI?

Watoto wa wakulima hujifunza kazi nyumbani, na hilo ni jambo jema. Swali ni kazi ipi. Aliye chini ya miaka 5 hana kazi karibu na mashine. Mahali pake ni ndani ya ua, akiangaliwa. Wa miaka 5 hadi 9 anaweza kulisha kuku, kuokota mayai, kuchuma mboga, mbali na injini. Wa miaka 10 hadi 14 anaweza kupalilia, kumwagilia bustani, kupeleka nepia iliyokatwa kwa ng'ombe. Lakini kuendesha trekta, kulisha mashine inayokata au kuunganisha plau, hapana. Miguu yake haifiki vizuri kwenye klachi na breki, na mwili wake hauna nguvu ya usukani.

Sheria pia inasema. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka wa 2007 hairuhusu mtoto aliye chini ya miaka 13 kuajiriwa kazi yoyote, na aliye kati ya miaka 13 na 16 anaruhusiwa kazi nyepesi tu isiyodhuru afya wala masomo yake. Kwa hiyo kijana wa darasani akichukuliwa na mwenye trekta kuwa msaidizi wa kukaa juu ya plau ili iingie ardhini, usione kwamba ameletewa bahati. Mkatalie.

UNAWEZAJE KUSEMA NA DEREVA?

Najua ugumu ulipo. Trekta imekodiwa na mzee wa nyumba, dereva analipwa kwa ekari na ana haraka, na wewe unaogopa kuonekana unachelewesha kazi. Lakini ukinyamaza, hakuna mwingine atakayemsemea mtoto. Huhitaji kugombana. Jaribu maneno kama haya:

"Karibu, dereva. Habari ya safari? Kabla hujawasha, nipe dakika moja nihesabu watoto. Wako watano. Nikikuinulia mkono, ujue wote wako ndani. Ukimwona mtoto yeyote shambani, tafadhali simama, uzime, upige honi."

Dereva mwema atafurahi, kwa sababu naye hataki kubeba mzigo wa kumgonga mtoto maisha yake yote. Na kwa mzee wa nyumba, sema usiku uliotangulia, mkiwa mmetulia: "Baba watoto, kesho trekta ikija, naomba tukubaliane isianze kabla sijakwambia watoto wako wapi." Hiyo ni dakika moja. Hakuna ekari inayoharibika kwa dakika moja.

(Muziki mfupi)

AJALI IKITOKEA

Tunaomba isitokee, lakini ni heri kujua la kufanya.

Kwanza zima mashine. Usivute mkono au nguo iliyonaswa injini ikiwa inazunguka, utanaswa na wewe. Mtoto akiwa amebanwa, mwite mwenye mashine aifungue polepole. Usiirudishe nyuma kwa kubahatisha.

Damu ikitoka kwa wingi, chukua kitambaa safi, hata leso, ubonyeze kidonda kwa nguvu bila kuachia. Usifunue kila mara kutazama. Bonyeza kwa dakika 10 mfululizo, na kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Inua mkono au mguu ulioumia. Kama mkono au mguu umesagika au umekatika na damu inaruka licha ya kubonyeza, funga kitambaa kipana juu ya kidonda, upande wa kuelekea mwilini, lakini si juu ya kiungo, ukaze mpaka damu isimame. Kumbuka saa uliyofunga, na usifungue mpaka hospitalini.

Usiweke kwenye kidonda majani ya chai, kahawa, ugoro, mafuta ya taa, unga, udongo wala samadi. Vitu hivi havisimamishi damu. Huingiza viini, pamoja na vya pepopunda.

Kidole kikikatika, kitafute. Kifunge kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji kidogo, ukitie ndani ya mfuko safi wa plastiki na kuufunga, kisha mfuko huo uuweke juu ya barafu au katika maji baridi. Kidole kisiguse barafu wala maji yenyewe. Nenda nacho haraka. Daktari ndiye atakayeamua kama kinaweza kurudishwa.

Mtoto akigongwa au kukanyagwa na gurudumu, usimwinue kwa mikono wala kumketisha. Alazwe sawa, mtu mmoja ashike kichwa kisigeuke, na abebwe juu ya ubao au mlango. Usimpe chakula wala kinywaji, maana huenda akahitaji upasuaji. Na hapa naomba unisikilize sana: hata akisimama na kusema haumwi, mpeleke hospitali. Udongo laini uliolimwa unaweza kumfanya aonekane mzima, kumbe damu inavuja ndani ya tumbo. Akianza kuwa mweupe, kutoa jasho baridi, kusinzia, tumbo kujaa au kukojoa damu, hali imekwisha kuwa mbaya.

Akiungua kwa bomba la moshi la trekta, mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala siagi. Akinywa dizeli au petroli, usimtapishe na usimpe maziwa. Akitapika, mafuta yataingia mapafuni. Mpeleke mara moja pamoja na chupa aliyonywea.

Mwisho, nenda na Kijitabu cha Mama na Mtoto. Watoto hupata kinga ya pepopunda katika chanjo za wiki ya 6, 10 na 14. Kijitabu kitatuonyesha kama alizipata zote, na tutajua kama anahitaji sindano nyingine. Na utuambie ukweli jinsi alivyoumia. Mtoto aliyebanwa na mtoto aliyekatwa hawatibiwi sawa. Wako wanaochelewa nyumbani wakiogopa kulaumiwa au kuulizwa maswali. Sisi kazi yetu ni kumwokoa mtoto. Njoo haraka.

Andika sasa, nyuma ya mlango au ndani ya simu, namba ya jirani mwenye gari, ya mhudumu wa afya ya jamii na ya kituo cha afya. Namba za dharura za serikali ni 999 na 112, na ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya ni 1199.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Injini isiwashwe kabla watoto wote hawajahesabiwa.
2. Mtu mzima mmoja, kwa jina, awaangalie watoto mahali pamoja mpaka mashine izimwe.
3. Trekta ina kiti kimoja, na hicho si cha mtoto.
4. Chai ya dereva haipelekwi na mtoto.
5. Mtoto mgongoni na mashine ya kupukuchua haviendi pamoja.
6. Mashine ya kukata majani ifungwe kila kazi inapoisha.
7. Mtoto aliyekanyagwa hupelekwa hospitali hata akionekana mzima.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Trekta itakayolima kijijini kwetu msimu huu itapita mashamba ya nani, na watoto wa kila nyumba watakaa wapi siku hiyo? Ni mashine gani mtaani kwetu haina kifuniko, na nani kati yetu atakwenda kuzungumza na mwenyewe? Usiku wa manane mtoto akiumia, tutampigia nani mwenye gari?

Msikilizaji, msimu uko mlangoni. Kabla hatujakutana tena, fanya jambo moja tu: kubaliana na jirani mmoja juu ya zamu ya watoto. Nakutakia kazi njema, mavuno mema, na watoto wazima. Kwaheri.

(Muziki wa kufunga)